Msichana wa Merti Katika Gemu ya Kame

Maziwa ya ngamia yana harufu ya moshi, na kila aliyekulia Bulla Pesa, mtaa wetu wa Isiolo, anaijua harufu hiyo kabla hajajua kusoma. Kwangu mimi, hata hivyo, haiji peke yake. Huja imeshikana na harufu ya kompyuta kuukuu iliyopata moto, ya vumbi linaloungua ndani ya sanduku la plastiki. Juzi fundi alifungua kompyuta moja kazini kwetu ili aipulize vumbi, na wakati huo huo mwenzangu wa meza ya pili akafungua chupa ya maziwa aliyotumiwa na mamake. Kalamu ikaniponyoka. Mwenzangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimekumbuka tu mambo ya nyumbani, naye akanimiminia kikombe.

Wapo watu wa rika langu wanaosimulia utoto wao kana kwamba walizaliwa wajanja. Walimjua mwizi wa kuku kabla ya polisi, walijua siri za watu wazima wote. Mimi nilikuwa mtoto wa kuchanganyikiwa. Watu wazima walinyamaza nilipoingia chumbani na nilidhani wananyamaza kwa sababu wamemaliza kuongea. Kwa hiyo msitegemee nieleze haya yaliyotokea kwa mpango. Nitayaeleza jinsi nilivyoyaona, na nilivyoyaona hayakuwa na kichwa wala miguu.

Mama alikuwa na duka la maziwa. Chumba cha mbele kilikuwa na friza na mitungi ya plastiki ya manjano, ile aliyoifukiza kwa moshi wa kuni kila asubuhi kabla ya kumimina maziwa yaletwayo kutoka maboma. Mchana maziwa yaliyobaki yalisafiri kwa basi kwenda Nairobi, na duka likabaki na harufu tu. Chumba cha nyuma kilikuwa kidogo, hakina dirisha, na humo ndimo alimoishi Kame na kompyuta yake. Kame alikuwa binti wa shangazi yangu, dada yake baba. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, akawa anasubiri matokeo huku akimsaidia mama dukani. Kompyuta aliipata kwa mtu aliyekuwa akifunga cyber yake, duka la intaneti, maana ni miaka ile ile ambayo simu ziliua cyber zote mjini, mnakumbuka. Kioo chake kilikuwa na mstari wa kijani upande wa kushoto ambao haukutoka hata ukikipiga kofi.

Kame alikuwa anatengeneza gemu. Hakuna aliyemtuma wala aliyemfundisha. Alipakua video kwenye simu kila alipopata bando, akazitazama akiwa ameketi juu ya mtungi uliopinduliwa, akijaribu alichokiona, akikosea, akilaani kwa Kiborana, akianza upya. Katika gemu hiyo mtu mwenye lori anatoka Bulla Pesa, anapita Kipsing kupakia mbuzi, anamalizia Merti. Ukiangalia ramani utaona Kipsing na Merti ziko pande mbili zinazopeana mgongo. Nilimwambia hivyo, kwa sababu baba alikuwa dereva na nilizijua barabara kwa majina. Kame akaniambia gemu ni yake na barabara ni zake.

Baba aliendesha lori la tajiri mmoja. Alipeleka unga na sukari Merti na kurudi na mbuzi. Kila aliporudi alikuwa amechelewa, na kilichomchelewesha ni barabara: leo springi imekatika, kesho mvua imekata njia, siku nyingine tairi. Barabara ya Merti siku hizo ilikuwa mbaya kiasi cha kuweza kubeba uongo wowote. Mama alimhurumia. Alimwekea maji ya kuoga na kumkanda mgongo.

Lakini kabla ya maji na mgongo, kulikuwa na mimi. Baba akifika alisimama mlangoni. Kisha alichuchumaa, vumbi jeupe likiwa bado kwenye nyusi zake, akanyoosha mkono taratibu mpaka nyuma ya sikio langu, na akautoa ukiwa na peremende ya minti. Aliitazama kwa mshangao. "Hii nayo imetoka wapi?" aliuliza. "Imemea," nilijibu. Niliamini kabisa kwamba zinamea. Asubuhi akiwa safarini nilipapasa nyuma ya sikio langu nione kama imeanza kuchipua, na nilipokosa nilihitimisha kwamba humea kwa ajili yake tu, zikimsikia akija. Dada wa rafiki yangu aliwahi kuniambia baba anaificha kwenye kiganja. Nilimwonea huruma kwa kuwa na baba asiyejua kuotesha.

Kame alimwomba baba amwazime mwili wake. Ndivyo alivyosema. Akatundika blanketi la kijivu kwenye ukuta wa uani, akamwambia baba atembee mbele yake huku yeye anachukua video kwa simu. Baba alitembea, anarudi, anacheka, wapangaji wenzetu wa plot wametoka kutazama. Alikuwa na mwendo wake: mkono wa kulia nyuma ya kiuno na bega limeinama kidogo, kama mtu aliyezoea kuchungulia kioo cha pembeni. Kisha Kame akasema, "Anko, sasa fanya ile ya peremende." Nikaitwa. Nilikuwa nimevaa gauni la njano aliloniletea baba siku ya Idd, na nywele mama alikuwa amenisuka mikia miwili. Baba akachuchumaa, akafanya, na siku ile alifanya polepole zaidi kwa sababu ya simu.

Kilichofuata ni kazi ya kuchosha macho. Kame aliichukua ile video, akaikata vipande vipande kama picha, akachora juu ya kila picha kwa panya wa kompyuta: mguu umeinuka, mguu umeshuka, mkono unakwenda, mkono unarudi. Ukizipitisha haraka moja baada ya nyingine, baba anatembea. Mara ya kwanza kumwona akitembea ndani ya kile kioo, na mstari wa kijani ukimpitia kwenye bega, niligusa kioo na kilikuwa cha moto. Baba halisi alikuwa Merti wakati huo. Mama hakuja kutazama. Alisema ana mitungi ya kuosha.

Sehemu ya Bulla Pesa ikakamilika. Baba wa kwenye gemu anashuka kwenye lori, anatembea, anafika mlangoni, msichana wa gauni la njano anatoka, baba anachuchumaa, peremende. Nilimfanya Kame airudie mpaka akanifukuza. Kisha akachora Merti, nyumba za Merti na ule mti wa sokoni, akamweka baba hapo, na baba akakataa kutembea. Alisogea, ndiyo, ukibonyeza alikwenda mbele, lakini miguu ilikuwa imeshikana na mikono imeganda. Aliteleza kama gunia linalovutwa kwenye toroli.

"Anafanya nini?" nikauliza.

"Miguu yake imebaki Isiolo," Kame akasema. Alikuwa na hasira. "Hii kitu ni shida. Nikimtoa pale nimweke hapa, miondoko haimfuati. Nichore tena yote, kila mji. Si nitazeeka?"

Sikulala vizuri na habari ya miguu iliyobaki Isiolo. Kesho yake nilimkuta Kame amefurahi mpaka ameniletea mandazi. Amepata. Video moja ilimwonyesha kwamba mtu wako humtengenezi ndani ya mji. Unamtengeneza peke yake, na miondoko yake yote ndani yake, unamhifadhi kando, halafu unamweka mji wowote unaoutaka naye anafika na miguu yake. "Unachora mara moja tu," akaniambia, "unatumia kila mahali. Kompyuta haijui kama hapa ni Bulla Pesa ama ni Merti. Yeye anafanya tu ile anajua."

Akanionyesha. Baba akashuka kwenye lori Kipsing, akatembea na bega lake. Nikapiga makofi. Akafika mlango wa nyumba moja ya Kipsing, na mlangoni akatoka msichana wa gauni la njano mwenye mikia miwili. Baba akachuchumaa. Nikaacha kupiga makofi. Kame akapeleka lori mpaka Merti. Mlango wa Merti ukafunguka, yule msichana akatoka, baba akachuchumaa na kunyoosha mkono nyuma ya sikio lake.

Nilikuwa na uhakika wa mambo machache katika maisha yangu, na mojawapo ni kwamba sijawahi kufika Merti. "Kame," nikasema, "huyo ni nani?"

"Wapi?"

"Hapo mlangoni. Merti."

"Ni mtoto."

"Mtoto wa nani?"

Kame alikuwa ameinamia kibodi, anatafuta herufi. "Si ni wake," akasema. "Anamkuta akifika."

Mtu mzima angeelewa. Kame alikuwa amehifadhi baba, mtoto na peremende kama kitu kimoja, kwa hiyo kila alipomweka baba, mtoto aliandamana naye. Mimi nilielewa kile nilichoambiwa: kwamba huko Merti kuna mtoto wake, anamkuta akifika. Kame alikuwa na simu ambayo ilimchukua baba akitembea, na simu haisemi uongo. Basi ilijua na yule wa Merti. Nilimchukia msichana yule kwa chuki safi ya mtoto. Sikumchukia kwa kuwepo. Nilimchukia kwa sababu na yeye zilimmea.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa bila kumwambia mama, kwa sababu nilijua mama hapendi mtu anayelilia peremende. Baba akarudi jioni moja, baada ya swala ya alasiri. Mama alikuwa anachuja maziwa kwenye meza. Baba akasimama mlangoni, akachuchumaa, akanyoosha mkono. Nikarudi nyuma na kuziba sikio langu.

"Leo hutaki?"

"Na yule msichana wako wa Merti," nikasema, "yeye pia zinamea?"

Baba alibaki amechuchumaa, mkono wake hewani. "Msichana gani?"

"Yule wa gauni ya njano."

Sijui niuelezeje uso wake. Haukukasirika. Ulifunguka, kama mlango uliosahauliwa bila kufungwa. Hakunitazama tena mimi. Alimtazama mama.

"Nani amekuambia?" akauliza, bado macho kwa mama.

"Nimemwona. Kwa kompyuta ya Kame. Anakungoja mlangoni."

Baadaye sana, nikiwa msichana mkubwa, ndipo nilipojua ya kwamba Idd ile baba alinunua magauni mawili ya njano kwenye kibanda kimoja, saizi moja. Alikuwa mtu wa kununua viwili viwili, asije akasahau nani alipata nini. Basi aliposikia gauni, na kompyuta, na mlango, alijua kwa yakini kwamba kuna mtu amempiga picha mtoto wake wa Merti na kuileta nyumbani. Akainuka. Magoti yake yalilia.

"Nilikuwa nikuambie mwenyewe," akamwambia mama. "Wallahi, nilikuwa nikuambie mwezi huu."

"Uniambie nini?" mama akasema.

Alidhani mama anamlazimisha aseme. "Usinifanye niseme mbele ya mtoto. Ni nikaha, si mambo ya barabarani. Mamake ni mtu wa heshima, na msichana hana makosa."

Mama aliendelea kumimina, na chujio likajaa, na maziwa yakapita ukingoni yakatambaa juu ya meza, yakaanza kudondoka sakafuni. Mama hakuwahi kumwaga maziwa. Nikamwambia, "Mama, yanamwagika," na hakunisikia.

Kame akatoka chumba cha nyuma akifuta mikono. "Anko, hiyo ni gemu," akasema.

"Nini?"

"Ni gemu tu, Anko. Ni mchoro wako ile ya uani. Hakuna mtu huko."

Baba akamtazama Kame, akamtazama mama, kisha akakaa polepole juu ya mtungi mtupu, nao ukabonyea. Hapo ndipo nilipopotea kabisa. Mtu ameambiwa kwamba msichana aliyemwogopesha hayupo, ni mchoro, na badala ya kufurahi anakaa kama mtu aliyepigwa na jua. Nilimsubiri acheke ili na mimi nicheke.

"Anaitwa nani?" mama akauliza.

"Talaso."

"Miaka ngapi?"

Baba akanyoosha kidevu kunielekea mimi. "Rika moja na huyu."

Mama akachukua kitambaa na kuanza kupangusa meza. "Enda uzime taa za lori," akasema. "Umeziacha."

Baba hakulala kwetu siku hizo. Alilala ndani ya lori, lililoegeshwa kando ya ukuta wa msikiti, na asubuhi nilimpelekea chai kwa thamosi. Alikunywa, akanishika kichwa, akanirudishia thamosi. Hakugusa sikio langu na mimi sikumkumbusha. Wanawake walikuja dukani, wakakaa kwenye benchi, hawakununua maziwa. Nikiingia walinyamaza. Niliamini kosa lilikuwa la kompyuta, kwamba watu wazima wamegundua inachofanya na wanaamua kama itabaki mjini.

Kisha mama, ambaye hakuwahi kuingia chumba cha nyuma ila kufagia, akaingia na kuketi juu ya mtungi wa Kame. "Nionyeshe," akasema.

Kame alimwonyesha. Bulla Pesa, Kipsing, Merti. "Rudisha hapo mwisho," mama akasema. Kame akarudisha. Mama aliinamisha kichwa kando, kama anavyofanya akionja maziwa yaliyoanza kuchacha. "Anainama hivyo hivyo," akasema, si kwa mtu yeyote. Kisha: "Kame, wewe ulijua?"

"Wallahi sikujua, Anti."

"Ukaweka mtoto Merti kwa nini?"

Kame akaanza kulia. "Nilichoka kuchora, Anti."

Mama akacheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha tumboni, na kikaendelea kupita pale ambapo kicheko huishia, na alipovuta mtandio wake kufunika uso sikujua tena kama bado anacheka. Nilisimama mlangoni, sijui kama niende kwake ama nimwite mtu. Miaka mingi nimelitafakari jibu lile la Kame. Kulikuwa na watu mjini waliojua siri ya baba, naamini hivyo, wengine wakinywa chai yetu, na hakuna aliyefungua mdomo. Ikasemwa na msichana aliyechoka kuchora.

Alipojifunua uso wake mama alikuwa ameshaamua. Alimwambia Kame, kwa kuwa ndiye mtu mzima aliyekuwa karibu: "Mimi sikatai mke. Dini imempa. Mimi nakataa kuwa mtu wa mwisho kujua kwa nyumba yangu. Mwambie Anko yako aniletee huyo mtoto nimwone na macho yangu, si kwa kompyuta. Asipomleta, hata hiyo lori asilete hapa tena."

Hayo niliyasikia vizuri, na nikayaelewa vibaya. Nilielewa kwamba baba ataondoka, na kwamba kinachomwondoa ni yule msichana. Asingekuwepo, baba angekuwa wetu. Na nilijua anapokaa. Mama alipotoka nilimshika Kame mkono.

"Mfute," nikamwambia.

"Nani?"

"Yule wa Merti. Ukimfuta hatakuwa huko, na baba atarudi."

Kame alinitazama, macho yake bado mekundu. Nadhani alitaka kunieleza, kisha akaona si siku ya maelezo. Akafungua mahali alipomhifadhi baba, akambonyeza yule msichana, akafuta. Akaendesha gemu. Lori likafika Merti. Baba akashuka, akatembea, akafika mlangoni, na hakutoka mtu. Nikahema. Baba akachuchumaa vile vile, akanyoosha mkono kwenye hewa, akaitoa peremende, akaishika, hana wa kumpa.

"Sasa Bulla Pesa," nikasema.

Bulla Pesa, mlango wetu, rangi ya mlango wetu. Baba akachuchumaa. Hakutoka mtu. Mkono wake ulikwenda mpaka mahali ambapo sikio langu lilipaswa kuwa na ukapita.

"Mimi niko wapi?"

"Si umesema nifute."

"Nilisema wa Merti."

"Ni mmoja," Kame akasema, na sasa alisema kwa upole. "Hakuna wa Merti na wa hapa. Nimechora mmoja. Nikimtoa, anatoka kote. Nikimrudisha, anarudi kote."

Nilitazama baba akiinuka, anarudi kwenye lori, anakwenda Kipsing kuchuchumaa mbele ya ukuta. Nililia kwa hasira. Nilimwambia Kame hajui kazi, atafute video nyingine. Akasema labda ipo, lakini hajaiona. Akasubiri, kidole juu ya kibodi. Nje mama alikuwa akisugua mtungi kwa nguvu, unasikika ukigonga saruji. Nikawaza vile baba atakavyokuwa akichuchumaa kila mji na mkono wake mtupu, hata kwetu, na hilo lilikuwa baya kuliko msichana.

"Mrudishe," nikasema.

Baba alimleta Talaso wakati wa likizo. Sijui alimwambia nini mamake, na sijui ilimgharimu nini mwanamke yule kumtoa mtoto wake aje kukaguliwa. Lori liliegeshwa, baba akashuka, akazunguka upande wa pili, akamteremsha msichana mwembamba mwenye dera la kijani na viatu vya plastiki. Walikuja wakitembea wawili, yeye nyuma kidogo. Baba alisimama mlangoni. Nilikuwa ndani, nimesimama karibu na friza, na yeye Talaso alikuwa nje, kando ya goti la baba. Baba akatutazama, huyu, halafu yule, na mikono yake ikabaki mifukoni.

"Salaam aleikum," Talaso akasema, kwa sauti ya mtu aliyefundishwa njiani.

"Aleikum salaam," mama akajibu. "Ingia, mama. Karibu."

Alimvua viatu. Akamkalisha kwenye benchi, akamfungua mtandio, akamtazama nywele, masikio, meno, kucha, kama anavyomtazama mtu aliyelazwa hospitali anayemjali. Akammiminia kikombe cha maziwa na kukaa mbele yake mpaka akamaliza. "Una macho ya mama yake Kame," akasema mwishoni. Kisha akamgeukia baba, aliyekuwa bado amesimama mlangoni kama mteja asiye na hakika kama duka limefunguliwa. "Na wewe kaa," akamwambia. "Chai iko."

Nilijua kwamba hapo kitu kimeokoka. Nilitaka kufurahi na nilifurahi, lakini nilikuwa nimeudhika pia, na vitu hivyo viwili havikutaka kupishana. Mama akaniambia, "Mpeleke dada yako nyuma, mkacheze." Alisema hivyo, dada yako, bila kulipa neno lile nafasi ya kupumua.

Kame akatufungulia gemu. Talaso hakuwahi kuona kompyuta kwa karibu. Alikaa kwenye ukingo wa mtungi, mikono kati ya magoti, akitoa harufu ya moshi na mafuta ya nywele sawa na yangu. Lori likasimama Bulla Pesa. Baba akashuka, bega limeinama, mkono nyuma ya kiuno, na Talaso akatabasamu kabla hata hajafika mlangoni, kama mtu anayejua kinachokuja. Mlango ukafunguka. Gauni la njano, mikia miwili. Baba akachuchumaa.

"Huyo ni mimi," Talaso akasema.

"Hapana," nikasema. "Hapo ni hapa kwetu. Huyo ni mimi. Wewe uko huko mbele."

Kame, akitaka amani, akapeleka lori haraka mpaka Merti. Msichana akatoka kwenye mlango wa Merti. Talaso akasogea mpaka pua yake ikakaribia kioo, akalichunguza gauni, akazichunguza nywele, akautazama mkono wa baba ukifika nyuma ya sikio.

"Huyo pia ni mimi," akasema. Hakuwa anagomba. Akanigeukia, na nikaona kwamba ananihurumia. "Wewe uko wapi?"

Nikafungua mdomo nimwonyeshe, na sikujua ninyooshe kidole wapi.